Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya ajira: Chuo cha Tabora nacho ni chuo

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Kasulu. Juzi nimerudi kutoka Dar es Salaam, nilikoitwa kwenye usaili wa nafasi ya uhasibu katika kampuni moja binafsi. Sikuulizwa swali hata moja la uhasibu. Msaili alikitoa cheti changu kwenye bahasha, akaweka kidole kwenye jina la chuo, akamwonyesha mwenzake. "Hiki kiko wapi?" Nikajibu, Tabora. Akakirudisha, akasema nitapigiwa simu. Aliyenifuata, mhitimu wa chuo kikubwa cha Dar, alikaa humo ndani karibu saa nzima.

Mheshimiwa, chuo changu kina ithibati ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ile ile inayosimamia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Nilisoma shule ya kata, lakini mtihani wangu wa kidato cha nne ulitoka NECTA, Baraza la Mitihani, kama wa mwanafunzi yeyote wa Dar. Na Bodi ya Mikopo, siku nikiajiriwa, itanikata asilimia 15 ya mshahara kama inavyowakata wao. Kwenye deni tuko sawa. Kwa nini kwenye kazi tusiwe sawa?

Nadhani ni kujuana. Mabosi wengi wamepita vyuo hivyo hivyo, na anayefanyia fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini, Dar anafahamika mapema. Sisi tulifanyia halmashauri, ambako kampuni hizo hazifiki. Tena Tabora inayodharauliwa ndiko alikosoma Mwalimu Nyerere, kuanzia mwaka 1937!

Mama yangu ameuza mawese dumu kwa dumu ili nisome. Nauli ya usaili huu aliikopa kwenye kikoba, na marejesho ni Jumamosi hii. Sijui nimwambie nini.

Kila mnapopanda jukwaani huku Kigoma mnatuhimiza tusome. Tumesoma, Mheshimiwa. Sasa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mwombaji kazi kwa kabila, dini, jinsia, mahali atokako na mengineyo. Shule au chuo alichosoma havimo. Viingizwe. Waajiri nao waagizwe kuchuja maombi bila kuona jina la chuo. Kama hilo la pili litachukua muda, basi hilo la kwanza lipeleke bungeni. Tunakuomba sana, Mheshimiwa, lipeleke.

Mhitimu wa uhasibu,
Kasulu, Kigoma