Manati ya ndege si manati ya chambo

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako likiandika habari za uvuvi wa Ziwa Victoria, mara nyingi huandika juu ya mitumbwi, injini, makokoro na bei ya sangara. Sina ugomvi na hilo, maana huko ndiko ziliko fedha. Lakini kuanzia miamba ya Capri Point hadi Nyegezi na Luchelele, na upande wa pili wa mji wa Mwanza kuelekea Igombe na Kayenze, wapo wavuvi wasiopanda mtumbwi. Mtaji wao ni uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kopo au chupa, ndoano moja au mbili, risasi ndogo ya kuzamishia na boya la kipande cha ndala. Hawa ndio wanaotumia manati kurushia chambo, na naomba nafasi niizungumzie zana hiyo, kwa sababu nyingi ya zinazoonekana mwaloni ni manati za kupigia ndege zilizobadilishiwa kazi tu. Ndiyo maana pumba inasambaratika hewani, vidole vinachubuka, na siku mbaya mpira unakatika na kurudi jichoni.

Kwanza kazi yenyewe, kwa wasioijua. Hapa sizungumzii chambo cha kwenye ndoano. Ninazungumzia madonge ya pumba yanayotupwa majini ili sato wakusanyike mahali pamoja na wakae hapo. Sato hutembea kwa makundi akichuma mwani na vijidudu, na akikuta pumba iliyozama atazunguka palepale hadi iishe. Donge likitupwa kwa mkono, kwa kawaida huishia mita 10 au 15. Ndoano iko mita 25 au 30. Matokeo yake samaki wanakula karibu na miguu ya mvuvi, na ndoano inakaa peke yake huko mbali.

Wengi hutatua tatizo hilo kwa kuingia majini hadi kiunoni. Hapo ndipo penye hatari. Maji ya kina kifupi yenye majani ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na vimelea hutoka kwa konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, kuelekea saa sita mchana. Havihitaji kidonda, hupenya ngozi nzima. Kuna sehemu za ziwa hili zenye mamba pia. Manati nzuri humfanya mvuvi asimame juu ya jiwe kavu na bado afikishe donge kwenye boya. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kuifanya zana hii ishughulikiwe kwa makini.

Sasa utengenezaji. Panda ya mti wa mpera ndiyo bora, kwa sababu mbao yake ni ngumu na haipasuki ovyo kwenye maungio. Chagua panda yenye unene wa dole gumba, mpini wa sentimita 12 hivi, na matawi mawili yanayolingana. Imenye gome, ianike kivulini wiki mbili hadi tatu kabla ya kufunga mpira. Mti mbichi husinyaa unapokauka, na kamba iliyokazwa leo italegea yenyewe bila mtu kugundua.

Tofauti kubwa na manati ya ndege iko kwenye upana. Ya ndege hupitisha jiwe dogo, kwa hiyo nafasi ya sentimita 5 au 6 kati ya ncha inatosha. Donge la pumba lina kipenyo cha sentimita 4 hadi 5 na ni laini. Likigusa tawi linavunjika hapohapo, na makombo yanakurudia. Acha nafasi isiyopungua sentimita 10 kati ya ncha mbili, na 12 ni bora zaidi.

Kwenye mpira ndiko watu wanakokosea zaidi. Tyubu nyingi za siku hizi, za baiskeli hata za gari, zimetengenezwa kwa mpira wa kiwandani unaozuia upepo usivuje. Sifa hiyo ni nzuri kwenye gurudumu, ila mpira huo hurudi polepole baada ya kuvutwa. Unavuta kwa nguvu, donge linaondoka kivivu. Mpira wa asili hurudi haraka, hivyo unahitaji kuvutwa kidogo tu. Ule mrija laini wa rangi ya maziwa, unaofanana na wanaofungia mkono wakati wa kutoa damu, ndio unaofaa kuliko yote. Nunua mpya dukani, usiokote uliotumika. Njia rahisi ya kupima mpira wowote: vuta kipande cha sentimita 10 hadi kifike 30, kisha achia. Kikirudi kwa mlio na kufikia urefu wake wa mwanzo mara moja, kinafaa. Kikijikunja taratibu, kitafutie kazi ya kufungia mizigo.

Kata vipande viwili vya sentimita 25 hadi 30 vinavyolingana kabisa. Kikiwa kimoja kirefu kuliko mwenzake hata kwa sentimita moja, mfuko unajipindua njiani na donge linakwenda pembeni. Watu hulaumu upepo, kumbe ni mkasi.

Kufunga, usitumie uzi wa nailoni juu ya mpira. Nailoni ni nyembamba na ngumu, kila ukivuta inakata kidogo kidogo kama kisu butu. Funga kwa utepe wa tyubu uliokatwa upana wa nusu sentimita, uzungushe mara sita au saba ukiwa umeuvuta. Fundo la kuliogopa ni lile la kwenye panda. Mpira ukikatika karibu na mfuko, kipande kirefu hurukia mkono ulioshika mpini; kinauma, lakini basi. Ukikatika kwenye panda, mpira wote hufuata mkono unaovuta, na nyuma ya mkono huo kuna uso. Kwa sababu hiyo, kabla ya donge la kwanza la kila siku, vuta manati tupu polepole ukiwa umeielekeza chini mbali na uso, na uangalie mafundo yote manne. Ukiona mipasuko midogo kama nywele, badilisha vipande vyote viwili, si kimoja.

Mfuko wa ngozi bapa wa manati ya ndege hauwezi kushika donge laini. Ukiubana kwa vidole, donge linapondeka kabla halijaondoka. Tafuta ngozi laini ya kiatu kikuukuu au kitambaa cha turubai, sentimita 8 kwa 10, kisha fundi viatu akipige kikunjo katikati kiwe kama kikombe kifupi. Nyuma ya kikombe ashone ulimi wa ngozi wa sentimita 3. Ulimi huo ndio unaoshikwa wakati wa kuvuta, vidole havigusi donge kabisa. Toboa matundu mawili matatu chini ya kikombe, maji yatoke na donge lisigande kwa kunata. Lowesha kikombe ziwani kabla ya kila donge.

Mchanganyiko mzuri kwa asubuhi moja ni kilo 2 za pumba laini za mahindi, nusu kilo ya mashudu ya pamba yaliyotwangwa, robo kilo ya unga wa muhogo wa kushikisha, na konzi mbili za unga wa dagaa. Sisi wa Kanda ya Ziwa mashudu ya pamba hatuyaendei mbali, na harufu yake majini ni nzuri. Dagaa lazima wasagwe, kwa sababu dagaa mkavu mzima huelea na kupeperushwa, akawavuta samaki kutoka kwenye ndoano badala ya kuwaleta. Maji tia kidogo kidogo huku ukichanganya kwa mkono, yasizidi lita moja mwanzoni, kisha acha nusu saa. Pumba hunywa maji polepole; mchanganyiko unaoonekana sawa sasa hivi utakuwa mkavu baada ya dakika 20. Ukiona hivyo, nyunyizia tena.

Finyanga donge la ukubwa wa ndimu, gramu 40 hadi 70. Liangushe kutoka usawa wa goti juu ya kiganja cha mkono mwingine. Likivunjika, ongeza maji kidogo au unga wa muhogo. Lingine litumbukize kwenye kopo la maji. Linatakiwa lianze kuachia ndani ya dakika 3 hadi 5. Likikaa zima robo saa, umeweka muhogo mwingi na samaki watalizunguka bila kula. Mahali penye mawimbi au mkondo, ongeza konzi ya udongo wa kichuguu ili liwe zito na lizame wima.

Kurusha kwenyewe hakuna siri kubwa. Tupa ndoano kwanza, boya likitulia ndipo urushe madonge, kwa sababu boya ndiyo shabaha. Mkono wa mpini unyooke mbele, panda isimame wima, na mkono wa nyuma uvute hadi kifuani, si hadi shavuni kama mpiga ndege. Elekeza juu kiasi cha nusu ya pembe mraba. Upepo ukiwa usoni, shusha kidogo. Vuta kwa urefu uleule kila mara, maana hiyo ndiyo inayofanya madonge yaangukie mahali pamoja. Alfajiri upepo kwa kawaida hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na donge hufika mbali bila kazi. Mchana hugeuka na kuleta mawimbi pamoja na magugu maji. Mwenye manati hafifu afanye kazi yake kabla ya saa nne asubuhi.

Anza na madonge sita hadi nane, kisha moja kila dakika 5 hadi 10. Wanaomwaga ndoo nzima mwanzoni wanawashibisha samaki, na mabaki yanaoza chini. Donge likivunjika hewani, usikimbilie kuongeza nguvu. Mara nyingi kosa ni mpira mkali kupita kiasi kwa donge laini: mshtuko wa kwanza ndio unaolipasua. Punguza mvuto au tumia mpira mwembamba zaidi.

Nchini Uingereza, ambako uvuvi wa ndoano ni burudani ya watu wengi, manati za chambo huuzwa zikiwa na kikombe chake tayari. Wanalo pia bomba lililopinda lenye mpini, ambalo hutumbukizwa donge moja na kurushwa kwa mkono mmoja kama anayetupa fimbo. Donge huviringika kwenye mpindo, likatoka linazunguka na kwenda mbali sana. Bomba hilo linahitaji madonge magumu, ya duara kamili, yaliyokandwa na mayai na kuchemshwa. Wanaojaribu kuliiga kwa bomba la plastiki na pumba yetu wanapoteza muda, kwa sababu pumba hunata ndani na kutoka makombo.

Kuna mambo ambayo hayana mjadala. Usiweke jiwe kwenye manati hii hata kwa majaribio, kwani ufukweni kuna wanaofua, wanaooga na watoto. Jaribu kwa donge la tope. Usiweke ndoano kwenye mfuko wa manati ukidhani itafika mbali, kwani itanasa mpira au kidole. Wala usichanganye utupa au sumu yoyote kwenye pumba. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na samaki huyo anakwenda kwenye sufuria ya mtu. Maji ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane si mahali pa uvuvi huu. Tena, mahali penye viota vya sato, vile vishimo vya duara mchangani kwenye maji mafupi, pasirushwe pumba. Utakaowapata hapo ni wazazi, na majani ya jirani yamejaa watoto wao. Sato asiyefika sentimita 25 anarudishwa majini.

Baada ya kazi, suuza manati kwa maji safi, ikaushe kivulini na uihifadhi gizani. Jua ndilo adui wa kwanza wa mpira wa asili, wa pili ni mafuta. Mpira uliowekwa mfuko mmoja na chupa ya petroli ya injini huvimba, hulainika na kukatika bila onyo.

Ombi langu kwa wanaouza manati sokoni ni dogo: watenganishe aina mbili, na ile ya chambo waiuze ikiwa na panda pana, kikombe chenye ulimi na mafundo ya tyubu. Mafundi viatu wa Mwanza wanaweza kushona vikombe hivyo bila shida, kwani ngozi wanazo na sindano wanazo. Na mnunuzi, kabla hajalipa, avute mpira sentimita 10 hadi 30 mbele ya muuzaji.

Mvuvi wa ndoano,
Nyegezi, Mwanza