Muiri ni dawa, lakini si dawa ya saratani

Kwako Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari yenu ya majuzi kuhusu gome la mti uitwao muiri siwezi kuinyamazia. Mlisema imethibitishwa kisayansi kuwa linaponya saratani ya tezi dume. Limethibitishwa na nani? Lini? Mwandishi wenu hakutaja mtafiti hata mmoja. Alimhoji muuzaji, akapiga picha ya gunia la magome, basi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ushahidi wa muiri upo, tena si haba. Mfaransa Debat alipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya dawa ya gome hilo mwaka 1966, na vidonge vyake vimeuzwa Ulaya kwa miongo mingi. Mwaka 2002 shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba, lilichapisha mapitio ya majaribio 18 yaliyohusisha wanaume 1,562. Uwezekano wa kupata nafuu kwa waliotumia muiri ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kuamka usiku kwenda haja ndogo kulipungua kwa asilimia 19 na kasi ya mkojo ikaongezeka kwa asilimia 23. Ni habari njema kwa wazee, na ningefurahi mngeiandika hivyo. Lakini wanaume hao walikuwa na tezi iliyovimba kwa umri, hawakuwa na saratani. Majaribio yenyewe yalidumu siku 64 kwa wastani. Tena walimeza vidonge vya kiwandani vilivyopimwa, vyenye viini vya gome vinavyoyeyuka kwenye mafuta. Viini hivyo haviyeyuki vizuri majini, na anayechemsha gome kwenye sufuria hajui amekunywa kiasi gani cha nini.

Kaka yangu mkubwa alianza kusumbuliwa na mkojo akiwa na miaka 70 na ushei. Kliniki ilimwandikia akapimwe damu, kile kipimo cha PSA kinachosaidia kugundua saratani ya tezi dume, lakini hakwenda. Alikuwa na kipande cha gazeti jingine, amekikunja ndani ya kitabu chake cha nyimbo, kinasema yaleyale mliyosema nyinyi, na jirani alikuwa amemwonyesha muuzaji kwenye steji ya matatu. Asubuhi nilimkuta barazani na chupa ya soda ya lita mbili, maji yamegeuka mekundu, vipande vya gome vimetuama chini. Alikunywa kikombe kabla ya chai na kingine kabla ya kulala. Na mkojo ukaanza kutoka kwa urahisi kidogo! Hapo ndipo tulipompoteza, Mhariri, kwa sababu tezi inaweza kuwa imevimba na papo hapo ina saratani, na nafuu ya uvimbe haisemi lolote kuhusu saratani. Kila nilipomtajia hospitali alinijibu, "Mwalimu, si unaona naendelea vizuri?" kisha akakikunjua kile kipande na kunisomea kwa sauti. Alikubali kwenda siku mgongo ulipomkaza hata akashindwa kuinama kufunga viatu, na saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Tulimzika mwaka jana. Sisemi muiri ulimuua. Aliuawa na saratani, na aliyemchelewesha ni mwandishi ambaye hakujisumbua kuuliza gome linatibu ugonjwa upi.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la miti yenyewe. Kila habari kama yenu ikitoka, watu huingia msituni usiku na mapanga. Kule mtoni kwetu wameubandua muiri gome lote kuuzunguka, kutoka mizizini hadi kwenye matawi ya kwanza. Majani yaligeuka manjano, kilele kikakauka, na sasa umesimama mkavu. Mti huu uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 1995, na gome lake halipaswi kuvuka mpaka bila kibali. Hata anayetaka kupanda ana kazi, maana mbegu zake zikikauka zinakufa, hazikai dukani zikingoja mnunuzi. Kule Kamerun walifundishwa kuambua pande mbili tu zinazotazamana na kuacha nyingine mbili ili mti upone. Hapa kwetu nani amemfundisha mtu hilo? Mlikuwa na ukurasa mzima na hamkuliandika.

Naomba mfanye hivi. Kila mtakapoandika habari ya mti wa dawa, wekeni kisanduku chenye mistari mitatu: ugonjwa upi hasa, watu wangapi walijaribiwa, na walifuatiliwa kwa muda gani. Kikae ukurasa uleule, juu, kwa herufi nzito. Mwandishi asiyeweza kuijaza mistari hiyo, habari yake isichapishwe. Nayo serikali ya kaunti isimpe leseni muuzaji yeyote wa gome mpaka chifu athibitishe kwa maandishi kwamba amepanda miche mitano ya muiri na imevuka misimu miwili ya mvua ikiwa hai.

Mwalimu mstaafu,
Othaya, Nyeri