Bima ilipe tiba mtandao, na zahanati nayo ipate chake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hii bima ya afya kwa wote, maana tangu Bunge lipitishe ile sheria Novemba 2023 watu tunabishana hela tu, nani achangie shilingi ngapi, kaya maskini nani atawalipia, na ni sawa tubishane, ila sisi wa visiwani tuna swali letu ambalo sijaona likipewa uzito. Bima inalipa matibabu, nauli ya meli hailipi, ndo maana naomba ilipe na tiba mtandao, yaani mgonjwa kuongea na daktari kwa simu au video.

Mi ni mwalimu hapa Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Victoria. Kila mwezi nakatwa asilimia 3 ya mshahara kwenda NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, na mwajiri anaweka 3 yake, na mama yangu nimemuandikisha kama mtegemezi, ana presha na sukari za siku nyingi. Kliniki ya bingwa wake iko Mwanza. Kutoka Nansio ni masaa kama matatu majini, ukifika ulale gesti au kwa ndugu, asubuhi foleni ya kadi, halafu foleni ya daktari, halafu daktari anaangalia karatasi, miguu inavimba mama? hapana, macho vipi? yanaona, haya endelea na dawa zilezile tuonane tarehe fulani. Imeisha hiyo. Simlaumu daktari hata kidogo, nje kuna watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, ila hayo maswali si angeuliza hata kwenye simu? Na mama yangu ana nafuu, anaetoka kisiwa cha Ukara anavuka kwanza kuja huku Bugolora ndo aanze safari ya Nansio na Mwanza, na maji yale ndo yaliyoondoka na watu zaidi ya 220 MV Nyerere ilipopinduka Septemba 2018.

Kuna kipindi ziwa lilichafuka mama akagoma kusafiri, nikamtafuta nesi wa kliniki akatuunganisha na daktari kwa video, nikamuonyesha daftari la presha tunaloandikiwa zahanati, akaliangalia vizuri akapunguza dozi moja. Safi kabisa. Kuuliza habari ya bima tukaambiwa kadi haifanyi kazi hapo, mgonjwa hayupo kaunta, hajahakikiwa, hakuna alipotia saini, kwahiyo ni keshi au aje mwenyewe. Sasa mtu unabaki unajiuliza hiyo 3 kwa 3 inalipia ushauri wa daktari au inalipia kiti cha pale mapokezi.

Najua wenye mfuko watasema udanganyifu, na hapo nakubaliana nao, madai hewa yamewasumbua miaka mingi na ndo maana uhakiki wa mgonjwa umebanwa. Ukiruhusu kila hospitali ilete madai ya "tuliongea nae kwa simu" tutalipia hadi marehemu. Lakini hakuna aliesema mgonjwa apige simu akiwa kitandani kwake. Aende zahanati ya kijijini, ahakikiwe pale kama anavyohakikiwa kwingine, nesi ampime presha, sukari, uzito, amuangalie miguu, ndo wampigie bingwa wakiwa wote watatu kwenye maongezi. Hapo una mgonjwa aliyethibitishwa, vipimo vya siku hiyo, na shahidi mwenye taaluma. Halafu na yule bibi wa Irugwa mwenye kitochi nae anahudumiwa, maana hizi app za daktari kiganjani zinajua watu wenye bando tu.

Ila sasa, na hapa ndo nataka wahusika wasome mara mbili, zahanati inapata nini? Bingwa atalipwa ada ya kumuona mgonjwa, sawa, amesomea. Yule nesi amepima, ameandika, amekaa kwenye video wakati nje kuna foleni ya watoto wa kliniki, bando pengine katoa mfukoni, vipimo vya sukari vya zahanati vimetumika. Kama kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia, kitalipa upande wa Mwanza peke yake, mganga mfawidhi wa huku hana sababu ya kuhangaika, atakuandikia rufaa upande meli na kazi yake imeisha, na mimi nikiwa yeye ningefanya hivyohivyo. Ilipwe huduma moja yenye pande mbili, bingwa chake na zahanati chake, iandikwe wazi kwenye kitita ili asitokee mtu wa kaunta kutafsiri anavyotaka.

Na dawa jamani. Dawa kwenye orodha ya taifa zimepangwa kwa ngazi, A ni za zahanati, B kituo cha afya, C wilaya, D mkoa, S za mabingwa. Bingwa akimwandikia mama dawa ya ngazi ya juu kwa video, zahanati haina, na hata ingekuwa nayo ni ya ngazi nyingine. Kwahiyo umeongea na daktari bure, safari iko palepale. Mgonjwa ambae dozi yake imeshatulia aruhusiwe kuchukulia dawa karibu na kwake, bingwa akishaidhinisha, na bima ilipe hapo.

Mtu asiniambie hatuna uwezo. Muhimbili wanasoma picha za eksirei na CT zilizopigwa hospitali za mikoani, mtandao uliowekwa kwa msaada wa UCSAF, ule mfuko wa mawasiliano kwa wote, tena siku nyingi tu. Na m-mama je? Mjamzito akipata dharura inapigwa 115 bure, anatafutiwa gari, kama ambulansi haipo anaitwa dereva wa kawaida wa hapo jirani na analipwa kwa simu. Yaani serikali inaweza kumlipa dereva wa teksi kwa simu kwa kazi aliyofanya usiku kijijini, halafu tushindwe kumlipa nesi na daktari walioongea na mgonjwa saa nne asubuhi?

Jirani zetu Rwanda walishafanya. Huduma ya Babyl ilianza 2016, mtu anapiga simu anaongea na nesi au daktari, anatumiwa namba maalum kwenye meseji anaenda nayo kuchukua dawa au kupima, na bima yao ya mutuelle ikaja kuingia humo. Tatizo ilikuwa mali ya kampuni ya Uingereza, Babylon, kampuni ilipoanguka 2023 na huduma ikafungwa. Kwahiyo tuige kulipa, tusiige kumkabidhi mtu mmoja wa nje funguo za nyumba. Mitambo iwe ya hospitali zetu, na taarifa za wagonjwa zilindwe, sheria ya taarifa binafsi tunayo tangu 2022.

Sisemi kila kitu kiende kwenye simu, tumbo linalouma halipimwi kwa video, na mwenye dalili mpya apande meli tu. Naongelea marudio ya presha, sukari, pumu, kifafa, wale wanaoenda kuambiwa endelea.

Wenzetu wa CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, walikuwa na hali ngumu zaidi, elfu 30 kwa kaya ya watu 6 ilikuwa inaishia hospitali ya mkoa, bingwa wa kanda walimsikia redioni. Nao waingizwe humo, hata kwa kliniki ya mara moja kwa miezi kadhaa.

Wanaoandaa kitita kama wanatafuta pa kujaribia waje Ukerewe, zahanati zipo, manesi wapo, mtandao maeneo mengi unashika. Ila waje wakati wa upepo, wasije kipindi ziwa limetulia wakaona tunalalamika bure.

Mwalimu, Nansio