Kuruta amefika

Bombo, Ijumaa jioni

Mwanangu Zaitun,

Assalaam aleikum. Sisi hapa nyumbani ni wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa shule yenu haitaki simu, na mama yako atakuja na barua hii Jumapili ya kutembelewa, pamoja na sukari, sabuni na zile karanga ulizoagiza. Najua habari ya sukari utairuka. Unataka habari ya mbwa.

Basi amefika, wiki ya tatu hii. Rangi yake ni ya mchanga, kifuani ana doa jeupe, na sikio moja limesimama wakati la pili bado linafikiria. Jina lake ni Kuruta. Najua ulitaka aitwe Bella, lakini ni dume, na mtu aliyeletwa juzi tu, hajui saa ya kula wala mahali pa kujisaidia, na analia usiku akimtaka mama yake, jeshini tulikuwa na jina moja tu la kumwita.

Nilimfuata Wobulenzi kwa mzee mmoja niliyetumikia naye. Mbwa wake alizaa saba katikati ya Julai, na mzee alitaka kunikabidhi mmoja tangu wana wiki tano. Nikakataa. Mtoto wa mbwa akiondolewa kwa mama yake kabla ya wiki nane anakuwa hajajua kwamba meno yanaumiza. Hilo anafundishwa na ndugu zake: akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake anapiga kelele na mchezo unakufa. Kwa hiyo ulipofunga sanduku lako ukininunia kwamba nachelewesha makusudi, ni kweli, nilichelewesha makusudi.

Konda wa takisi hakutaka kutupakia mpaka nilipolipia kiti cha boksi. Kuruta akamrudishia heshima: hatujafika nusu ya njia, akatapika juu ya goti langu.

Usiku wa kwanza sitausahau. Nilikuwa nimemtengenezea kibanda kizuri nyuma ya jiko, mbao mpya, bati juu, gunia chini. Saa nne akaanza kulia. Mama yako akasema mwache, atanyamaza. Saa sita alikuwa bado analia, na mbwa wote wa mtaa wakawa wanamjibu. Bibi yako akagonga ukuta mara tatu kwa fimbo, na unajua maana yake. Nikatoka na mkeka, nikafunga neti kwenye msumari wa barazani, nikaleta boksi la Kuruta karibu na mkono wangu. Akanusa vidole, akazunguka mara mbili, akalala. Nililala pale siku sita, kila siku boksi nikilisogeza hatua chache kuelekea kibandani, na mimi nikirudi hatua chache kuelekea mlangoni. Sasa analala kibandani mwenyewe. Majirani wanadhani tuligombana na mama yako.

Kukojoa ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na hakuna dawa yake isipokuwa zamu. Kibofu chake ni kidogo, kwa umri huu akijikaza sana ni muda wa saa tatu au nne tu. Akiamka tunamtoa, akimaliza kula tunamtoa, akimaliza kucheza tunamtoa, palepale kwenye kona ya migomba, mahali pamoja kila mara ili harufu yake imkumbushe. Akifanya, anasifiwa papo hapo. Akikosea barazani tunafuta, basi. Rajabu alitaka kumkandamiza pua kwenye mkojo kama alivyoona kwa wenzake. Nikamwuliza, wewe ulipokuwa unakojoa kitandani tulikufanya hivyo? Amenyamaza mpaka leo.

Sasa nikueleze kisa cha birika, maana utakisikia kwa Bibi na yeye atakusimulia vingine.

Siku ya tatu, alasiri, Bibi aliweka birika lake la kutawadhia kwenye ngazi, akaenda kuchukua kanga. Kurudi akamkuta Kuruta ameingiza ulimi kwenye mdomo wa birika, mkia unapepea. Ulisikia adhana? Sisi tulisikia ya Bibi kwanza. Birika likaoshwa mara saba, moja kwa udongo, Rajabu ndiye aliyetumwa kuchota udongo, na Bibi akahesabu mwenyewe kwa sauti. Mwalimu wa madrasa alipopita nilimwomba atutulize. Akaeleza kwamba mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa mifugo ameruhusiwa, na kwamba kwa madhehebu ya Malik mate ya mbwa yana hukumu nyingine. Bibi akasema yeye ni mtu wa Shafi na birika ni lake.

Lakini Ijumaa iliyofuata, alipokuwa anasoma Suratul Kahf kama kawaida yake, alifika pale panapotajwa wale vijana waliolala pangoni na mbwa wao aliyenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Nilimwona ameinua macho. Kuruta alikuwa mlangoni, nusu barazani nusu uani, miguu ya mbele ameinyoosha vilevile. Bibi akamtazama muda mrefu. Akarudi kwenye msahafu wake. Jioni akatangaza sheria: mbwa mwisho wake ni kizingiti. Ndani haingii, kwenye mikeka hapiti, birika sasa liko juu ya rafu, na chakula chake kiko kwenye sufuria ile iliyokatika mkono. Nje ya hapo, Bibi hana neno. Na mimi naona ni sheria nzuri kuliko nyingi nilizoziona, kwa kuwa mbwa anaweza kuielewa: kuna mstari, na mstari hausogei.

Shida yetu ilikuwa kwenye ndimi. Siku moja nilimkuta Kuruta katikati ya uwanja, kichwa amekipinda, watu wanne wanamsemesha kwa mara moja. Bibi anamfukuza mkekani kwa Kinubi. Rajabu na watoto wa jirani wanamwita kwa Kiganda, “jangu, jangu!” Mama yako kutoka jikoni, “Njoo huku!” Na kaka yako, ambaye tangu aingie chuo hata kuku anawafukuza kwa Kiingereza, naye alikuwa na lake. Kuruta hakwenda kwa yeyote. Akaketi, akajikuna.

Nikachukua chaki nikaandika ukutani, kando ya mlango wa jikoni, maneno matano: NJOO. KAA. ACHA. NJE. LALA. Nikasema katika nyumba hii hakuna la sita. Watu wa Kampala husema Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Wizi siujui, lakini sisi Wanubi ni wazao wa askari wa Kisudani ambao Lugard, yule kapteni Mwingereza, aliwachukua mwaka 1891, na nyumba hii imeamrishwa kwa Kiswahili tangu babu yangu. Katiba ilikuja kukitambua mwaka 2005, kuwa lugha rasmi ya pili. Kuruta sasa ndiye mtu pekee hapa asiyejua lugha nyingine.

Ukiona Rajabu anavyomfundisha utacheka. Anashika mukene, yaani dagaa, mmoja mkavu kwa vidole viwili, anaupitisha juu ya pua ya Kuruta, polepole, kuelekea nyuma kisogoni. Mbwa anafuata kwa macho, kichwa kinapanda, na kichwa kikipanda makalio hushuka yenyewe. Yakigusa tu ardhi, “Kaa!”, na mukene uko mdomoni. Siri iko hapo, hapo hapo. Ukichelewa kidogo, mbwa amekwishasimama, kwa hiyo umemlipa kwa kusimama. Dakika tano tu, kisha wanaacha kabla hajachoka. Bibi hamgusi, ila neno lake la NJE ndilo linalotiiwa haraka kuliko letu sote, na nimegundua sababu. Kila akitoka, kuna mukene unaoruka kutoka upande wa Bibi. Nilipomwuliza akasema panya wameongezeka.

Chakula chake ni posho, yaani ugali, laini na mukene wa kuchemsha, wakati mwingine mapafu ya ng'ombe, bila chumvi, mara nne kwa siku, karibuni tutapunguza ziwe tatu. Makombo ya mchuzi nimeyapiga marufuku na mama yako ameona ninaringa. Lakini mchuzi wa nyumba hii hauanzi bila kitunguu, na kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa vilevile, inapasuka vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo.

Fundi wa baiskeli wa pale kona alinishauri nimtilie pilipili kwenye chakula na nimfunge mnyororo kutwa nzima, awe mkali. Nilimshukuru kwa heshima. Mbwa wa namna hiyo anakuwa mwoga, na mbwa mwoga anamuuma wa kwanza anayemfikia, ambaye ni mtoto wa nyumbani. Sitaki mbwa wa kula watu. Nataka abweke mtu akiruka ukuta usiku kufuata kuku.

Hapa niseme jambo ambalo sijawahi kukuambia. Kabla ya Kuruta tulikuwa na mwingine, Chui, wewe ulikuwa bado unatambaa. Nilidhani chanjo ni mambo ya matajiri wa Kololo. Alipofikisha miezi mitatu akaacha kula, akatapika, akaanza kuharisha damu yenye harufu ambayo nikiisikia tena leo nitaijua. Siku nne akafa. Ni kirusi kinaitwa parvo, na kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi. Hakuna wa kulaumiwa isipokuwa mimi.

Kwa hiyo safari hii daktari wa mifugo alimwona Kuruta wiki ileile aliyofika. Amepata chanjo ya kwanza, wiki ijayo ya pili, na zitarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa ataipata akitimiza miezi mitatu, halafu kila mwaka. Dawa ya minyoo kila wiki mbili kwa sasa, kwa kuwa minyoo yake inaweza kumwingia hata mtoto anayecheza mchangani. Kupe tunawatafuta kila jioni, ndani ya masikio na katikati ya vidole, maana mbuzi wa Bibi wanawaleta bure. Na Rajabu nimemkaririsha kama aya: ukiumwa na mbwa yeyote, wetu au wa njiani, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo, hata kama unaogopa nitagomba. Kichaa kikishaonyesha dalili hakitibiki. Nawe ukariri huko huko.

Mpaka chanjo ziishe hatembei sokoni wala njiani wanakopita mbwa wengine. Ila hatuwezi kumfungia asione dunia, kwa sababu miezi hii mitatu minne ya mwanzo ndiyo anayoamua kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopwa. Basi Rajabu anambeba kwenye kikapu cha sokoni, wanakaa kando ya barabara ya Gulu. Wanatazama malori, bodaboda, wanawake wa buibui, askari wanaokimbia mchakamchaka wakiimba. Mwanzoni alijificha chini ya kitambaa, sasa anaweka kidevu ukingoni mwa kikapu kama mzee wa baraza. Kitu alichokiogopa kuliko vyote kilikuwa mvua ya kwanza kwenye bati. Nilikaa naye, sikumbembeleza wala sikumcheka, nilikuwa namenya karanga. Mvua ya pili ilimkuta analala.

Umeniandikia nisimwache akusahau. Mwanangu, bado hakujui, alifika wewe umeondoka. Utakuja Desemba ukiwa mgeni, na yeye atakuwa na miezi mitano, anang'oa meno ya maziwa na kutafuna kila kitu. Usimkimbilie getini kwa makelele wala usimnyanyue. Chuchumaa upande, usimkazie macho, acha akunuse kwa muda wake. Akikaribia, sema “Njoo” kwa sauti ya kawaida, na uwe na mukene mfukoni. Nitakuwekea. Fanyia mazoezi yale maneno matano, na tafadhali usianze kumwita Bella.

Mama yako anasema mtihani wa hesabu utuletee majibu yake, yakiwa mazuri au mabaya. Bibi anakusalimu sana. Na ukifika usihangaike kutafuta kandambili yako ya kulia. Ya kushoto ipo, nimeitundika juu.

Baba yako