Kisima cha pwani kipimwe tena baada ya kuchimbwa

Ndugu Mhariri,

Kuanzia Kigamboni hadi Bagamoyo, na ng'ambo Unguja, anayetaka kisima humwita mpimaji. Elektrodi, yaani vijiti vya chuma, huchomekwa, umeme hupitishwa ardhini, mahali pa kuchimba huoneshwa, na ripoti huishia kabatini. Kipimo kimoja huonesha maji ya bahari yamefika wapi chini ya ardhi siku hiyo tu. Kujua yanakwenda wapi kunataka mstari uleule upimwe tena na tena.

Ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme kupita, hupimwa kwa omu-mita: wa maji ya bahari ni kama 0.2, na wa maji mazuri ya kisima huweza kuwa 20. Ikichanganyika asilimia 2 tu ya maji ya bahari, kloraidi huongezeka kwa miligramu 380 hivi kwa lita, nayo ikipita 250 ulimi huanza kuhisi chumvi. Ukinzani wa maji hayo hushuka hadi karibu 7. Tofauti hiyo huonekana kwenye kipimo chumvi ikiwa bado iko chini ya pampu.

Mstari uanzie ufukweni uelekee bara. Elektrodi 48, moja kila mita 5, hutoa mstari wa mita 235. Kwa mpangilio wa Wenner, unaotumia elektrodi nne zenye nafasi sawa kwa kila kipimo, utaona hadi mita 40 hivi kwenda chini. Ziwe za chuma kisichoshika kutu, na mahali pa kila moja pawekewe alama ya zege, kwani kukosea nusu mita kwenye nafasi ya mita 5 kutaonekana kama mabadiliko ya maji. Mchanga mkavu wa matumbawe haupitishi umeme vizuri: mwagia maji, kiasi kilekile kila safari. Epuka mabomba ya chuma na uzio wa waya.

Pima mwishoni mwa kiangazi, kisha baada ya masika, na karibu na ufuko uchague hali ileile ya maji, ama bamvua ama maji mafu. Kisha badilisha kazi za elektrodi bila kuzihamisha, zilizopitisha mkondo zipime volti na zilizopima volti zipitishe mkondo, upime tena. Jozi za vipimo zinazopishana zaidi ya asilimia 5 zitupwe. Joto nalo hudanganya, maana kila nyuzi moja ya Selsiasi hubadili ukinzani kwa asilimia 2 hivi.

Kosa linalogharimu zaidi ni udongo mfinyanzi. Omu-mita 5 inaweza kuwa mfinyanzi wenye maji matamu au mchanga wenye maji ya magadi, na mashine haitakwambia ni kipi. Lakini mfinyanzi hauhami. Namba ikishuka mwaka hadi mwaka mahali palepale, shuku chumvi. Thibitisha kwa kupima uwezo wa maji kupitisha umeme, kila baada ya mita chache za kina, ndani ya kisima cha uangalizi. Kisima kinachovutwa hakifai, kwa sababu pampu huchanganya maji ya juu na ya chini.

Bodi za maji za mabonde zinapotoa vibali kwa hoteli na viwanda vya pwani, zidai namba ghafi za vipimo pamoja na mahali pa kila elektrodi. Picha ya rangi inayochorwa kutokana na namba hizo haitoshi peke yake: ukibadili kipimio cha rangi, yaani rangi ipi iwakilishe namba ipi, bluu hugeuka nyekundu na maji hayajasogea hata hatua moja.

Wapimaji wa maji chini ya ardhi,
Dar es Salaam