Maabara za anatomia zifunguliwe wakati wa likizo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme neno kuhusu kozi za likizo za anatomia, somo la maumbile ya ndani ya mwili. Kila ifikapo Agosti, vyuo vikuu vikiwa vimefunga na upepo wa Dodoma ukipeperusha vumbi na karatasi pamoja, nguzo za umeme kuanzia Ng'ong'ona hadi Sabasaba hubandikwa matangazo: maliza anatomia yote kwa wiki mbili, pasti pepa bure. Wateja hawakosekani. Mwanafunzi wa udaktari aliyepata sapu, yaani aliyefeli somo na kutakiwa kulirudia, anajua kwamba mtihani wa marudio ukimshinda atarudia mwaka au atadisko, yaani atafukuzwa chuo kabisa, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili kijana asome hataki hata kulisikia neno hilo.

Sina ugomvi na vijana wanaofundisha kozi hizo. Wengi ni wahitimu wanaosubiri kupangiwa hospitali za mafunzo kwa vitendo, na wanachofundisha wanakijua. Linalonisumbua ni mahali wanapofundishia: sebule ya nyumba ya kupanga, projekta ya kuazima, vitini vya fotokopi ambavyo mishipa ya ateri na ya vena yote imetoka rangi moja nyeusi. Huku vyumba vya anatomia vya vyuo vya udaktari vimetiwa kufuli. Maiti zimo ndani, mifupa imo kabatini, meza tupu. Likizo ndefu inapita hivyo, kisha Oktoba au Novemba wanafunzi wanarudi kugombania nafasi ya kuchungulia juu ya bega la mwenzao.

Mimi ni mkufunzi katika chuo cha kati, nafundisha maafisa tabibu, watu wanaotibu bila kuwa na shahada ya udaktari. Wanafunzi wangu hawapati hata hiyo nafasi ya kuchungulia. Wanaijua anatomia kwa michoro, sanamu za plastiki na siku hizi programu za simu zinazozungusha mwili huku na huku. Wengi huhitimu miaka yao mitatu bila kushika msuli wala neva ya binadamu, kisha wanapelekwa kwenye kituo cha afya ambako daktari wa karibu yuko wilaya nyingine.

Chukua sindano ya tako, jambo ambalo kila mtu analiona dogo. Tunawafundisha kuligawa tako mafungu manne na kuchoma lile la juu upande wa nje. Sababu ni neva ya siatiki, neva nene kuliko zote mwilini, inayotoka kwenye nyonga, ikapita chini ya msuli wa pirifomisi na kushuka nyuma ya paja. Mwanafunzi ataikariri sentensi hiyo hata ukimwamsha usiku wa manane. Lakini enzi za sindano za kwinini, dawa ya malaria, kulikuwa na watoto waliobaki wakiburuta mguu, na waliowachoma walikuwa wameikariri sentensi hiyohiyo. Mtoto mwembamba hana tako la kwenye mchoro, ndiyo maana watoto wadogo tunaagizwa kuwachoma pajani. Tena kwa baadhi ya watu neva hiyo hugawanyika mapema na tawi moja hupenya katikati ya msuli badala ya kupita chini yake. Mchoro wa kitabuni unakuonyesha mtu mmoja. Ukisimama mbele ya meza tatu za maiti, unaweza kukuta nyonga tatu zisizofanana.

Upasuaji wa uzazi nao uko hapohapo, na hatari yake ni kubwa zaidi. Hapa Tanzania, kwa miongo kadhaa, upasuaji mwingi wa kina mama vijijini umefanywa na madaktari wasaidizi, watu walioanzia utabibu kama hawa ninaowafundisha. Mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo unapita chini kidogo ya ateri ya mji wa mimba, karibu sana na shingo yake. Damu inapofurika na mpasuaji akabana haraka, mrija huo unaweza kubanwa pamoja na ateri, na mama akatoka hapo akivuja mkojo. Anayeujua kwa kidole ataupapasa kabla ya kufunga uzi. Aliyeuona kwenye projekta tu, sijui ataanzia wapi.

Kwenye vyuo kadhaa vya Uingereza na Marekani kuna kozi za likizo za wiki chache ambazo mshiriki anashinda mezani, kisu mkononi, kila siku. Kinachonivutia hapo ni muda wa mikono tu. Kwetu ningependa zisijaribu kumaliza mwili mzima. Wiki tatu zinatosha kwa nyonga, shingo na ukuta wa kifua, mahali ambapo mtabibu wa kijijini ana uwezekano mkubwa wa kuingiza sindano, kisu au bomba. Mwanafunzi apasue mwenyewe, aone kwa nini bomba la kutoa hewa au damu kifuani linapitishwa juu ya ukingo wa juu wa ubavu, ilhali mishipa na neva zimejificha chini ya ubavu ulio juu yake. Asubuhi meza, jioni maswali mezani hapohapo, siyo kwenye karatasi. Wale wahitimu wa sebuleni waitwe wasimamie meza na walipwe, kazi wanaiweza.

Kuna jambo la afya ambalo wenye haraka hulipita. Formaldehaidi, kemikali iliyomo kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia maiti zisioze, ilitangazwa mwaka 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kozi ya kushinda mezani ina maana ya saa nyingi za kuivuta hewa hiyo. Chumba ambacho feni zake zimekufa na madirisha yake hayafunguki kisipewe kozi, hata kama mkuu wa idara amekubali.

Na maiti zenyewe, Mhariri. Barani Afrika, nyingi kati ya zinazofundishia ni za watu ambao ndugu zao hawakujitokeza kuwachukua. Hawakuombwa ridhaa. Binafsi sijawahi kutulia na jambo hilo, na ningefurahi siku ambayo Watanzania wataanza kuandika wosia wa kujitolea. Lakini ikiwa tayari tumeuchukua mwili wa mtu asiye na wa kumsemea, kuuacha ukae miezi mitatu bila kumfundisha mtu yeyote, na baadaye kuuonyesha kwa umati ambao nusu yao hawaoni kitu, ni kumkosea mara ya pili.

Pesa ndiyo itakuwa kisingizio. Kweli, likizo hakuna bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, na mwanafunzi wa chuo cha kati hana mkopo mnono wa kutegemea. Mabweni hata hivyo huwa na vitanda vitupu wakati huo. Gharama inayobaki ni glovu, formalini, posho ya wasimamizi na mlo wa mchana. Wanafunzi wanalipa tayari kwenye sebule za watu. Sioni kwa nini wasilipe kiasi hichohicho chuoni, wapate risiti.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo vya udaktari vya hapa kanda ya kati ni watangaze kabla ya Juni kama wako tayari kufungua likizo hii, na kwa watu wangapi. Nafasi zigawanywe, wa vyuo vya kati nasi tupewe fungu letu, kwa kuwa wa kwao hata wakikosa likizo watakutana na meza mwaka mpya wa masomo. Wizara ya Afya iandike mwongozo mfupi wa nani aruhusiwe kuingia na maiti zitunzwe vipi, maana bila karatasi hiyo hakuna mkuu wa idara atakayekubali kukabidhi ufunguo.

Mkufunzi wa utabibu,
Dodoma