Mpango wa kurejea kazini uandikwe kabla seva haijazima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye kampuni ndogo na za kati hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuhudumia mitandao ya kompyuta katika maduka ya jumla, zahanati na ofisi za mawakala wa forodha, na kinachonitia hofu si uchakavu wa mitambo, kwa kuwa najua mtaji wa kununua mipya haupatikani kirahisi, bali ni kwamba wengi wanaoitegemea hawajui watarejeaje kazini siku itakapokufa.

Nikiuliza nakala za akiba ziko wapi, mara nyingi naoneshwa diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya seva ileile, yaani kompyuta kuu inayotunza data za ofisi, katika chumba kilekile chini ya ngazi kilichorundikwa maboksi ya stakabadhi. Moto ukizuka humo, seva na nakala vinateketea pamoja. Kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia nacho hakibagui, kwani diski iliyochomekwa wakati wote ni sehemu ya mashine.

Mitambo ya zamani ina hatari nyingine isiyosemwa sana. Seva nyingi zina diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja chini ya kadi maalumu inayoziongoza. Kadi hiyo ikiungua, diski zinaweza kuwa nzima kabisa na bado data isisomeke hadi ipatikane kadi inayopatana nazo, ambayo huenda mtengenezaji aliacha kuiuza zamani. Programu ya hesabu iliyowekwa enzi za Windows 7, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao Microsoft iliacha kuuhudumia Januari 2020, nayo inaweza kukataa kuwekwa kwenye kompyuta inayouzwa dukani leo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kuwa na nakala ya data peke yake hakutoshi. Lazima ijulikane mapema itafunguliwa kwenye mashine gani, kwa programu ipi na kwa nenosiri linalotunzwa na nani.

Wakubwa pia wamekwama hapo. Juni 2017 programu haribifu iliyoitwa NotPetya iliikumba kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake tunayaona bandarini kwetu, na baadaye kampuni ilieleza kwamba ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa baada ya tukio, seva zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa nyingi, kila moja ikiwa akiba ya nyingine, na hakuna aliyekuwa amepangia siku ambayo zote zingefutika kwa pamoja. Iliyosalimika ilikuwa moja tu, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na haikuwa hewani. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na kukatika kwa umeme, jambo ambalo kwangu linatisha kuliko hasara yenyewe.

Wapo wanaosema dawa ni kuhamishia kila kitu kwa watoa huduma wa mtandaoni. Nakubaliana nao kwa sehemu, kwa sababu nakala iliyo mbali na jengo ni ya lazima. Lakini Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidorora, na mwenye duka ambaye bei na madeni ya wateja wake vyote viko ng'ambo hawezi kufanya biashara katika hali kama hiyo. Kwa hiyo nakala moja iwe mbali, na nyingine iwe diski inayochomolewa kila jioni na kuwekwa mahali pengine.

Naomba kila mwenye kampuni atenge Jumamosi moja, achukue daftari la mauzo la mwezi uliopita kutoka kwenye nakala, na fundi alirejeshe kwenye kompyuta nyingine kabisa, seva ikiwa imezimwa, huku saa zikihesabiwa. Muda utakaopatikana uandikwe kwenye karatasi pamoja na majina na simu za wahusika. Benki zinazokopesha biashara hizi, ambazo tayari hukagua bima ya moto, zianze kuuliza pia tarehe ya mwisho ya jaribio hilo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa mitandao ya kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam.